Mshauri Mkuu wa Teknolojia Serikalini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wabunge, watumishi wa umma na wananchi wanaojadili kama serikali inahitaji mshauri mkuu wa teknolojia, na ikiwa inamhitaji, awekwe wapi na apewe nguvu gani. Msimamo wetu tunautaja mapema: tunaiunga mkono nafasi hii kwa sharti moja, kwamba mshauri azione nyaraka za mradi kabla mkataba haujasainiwa. Serikali isiyokuwa tayari kwa sharti hilo tungeishauri isiianzishe kabisa.

Mshauri mkuu wa teknolojia ni nani hasa?

Ni mtaalamu anayemshauri rais au waziri mkuu, pamoja na baraza la mawaziri, kuhusu maamuzi yanayotegemea teknolojia. Siku hizi ni machache yasiyoitegemea: kodi, vitambulisho, pensheni, hospitali, uchaguzi, mipaka. Mshauri hasimamii seva wala hanunui kompyuta. Anamweleza kiongozi, kwa lugha inayoeleweka, kama jambo linaloahidiwa linatekelezeka, litagharimu nini kulitunza miaka 10 ijayo, na ni watu gani litawaacha nje.

Vyeo hutofautiana. Uingereza ilianza na mshauri mkuu wa sayansi mwaka 1964. India ilianzisha wake mwaka 1999, na wa kwanza alikuwa A.P.J. Abdul Kalam, aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 2002. Marekani ilimpata ofisa mkuu wa teknolojia wa kwanza, Aneesh Chopra, mwaka 2009 chini ya Rais Barack Obama. Denmark ilimteua balozi wa teknolojia mwaka 2017, na Kenya ikamteua mjumbe maalumu wa teknolojia mwaka 2023. Hawa wawili wa mwisho wanatazama nje zaidi. Kazi yao kubwa ni kuzungumza na kampuni kubwa na mataifa mengine. Ni kazi muhimu, lakini ni nyingine. Ukurasa huu unamhusu anayetazama ndani ya serikali.

Si tayari kuna waziri wa TEHAMA na mamlaka ya serikali mtandao?

Nchi nyingi zinavyo vyote viwili, na vinahitajika. Tanzania, kwa mfano, ina Mamlaka ya Serikali Mtandao iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka 2019. Taasisi ya aina hiyo huweka viwango, hujenga mifumo na kuisimamia. Waziri naye ana wizara yake, bajeti yake na miradi yake. Kumtaka awe mwamuzi wa miradi ya mawaziri wenzake, huku ya kwake ikiwa kwenye foleni ileile ya fedha, ni kumtwisha mzigo asioweza kuubeba.

Pengo liko katikati ya wizara. Wizara ya afya inampa mgonjwa namba, mamlaka ya kodi inampa mlipakodi namba, idara ya vitambulisho inampa raia namba, na wote hao ni mtu mmoja anayejaza fomu ileile mara tatu. Hakuna hata mmoja kati ya wakuu wa taasisi hizo ambaye hati yake ya kazi inamtaka aulize kwa nini. Estonia ilipozindua mfumo wake wa kubadilishana data, X-Road, mwaka 2001, iliacha kila taasisi ibaki na data yake na kuzipa zote njia moja salama ya kuulizana. Uamuzi kama huo hauwezi kufanywa na wizara moja, kwa sababu unazigusa zote.

Cheo hiki kikiwepo, miradi itaacha kufeli?

Hapana, na mfano ulio wazi zaidi unatoka Marekani yenyewe. Nafasi ya ofisa mkuu wa teknolojia ilikuwapo tangu 2009. Sheria ya bima ya afya ya Obama ilisainiwa Machi 2010. Tovuti ya kujiandikisha, HealthCare.gov, ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 2013 na kuelemewa siku hiyohiyo. Kumbukumbu za ndani zilizokabidhiwa kwa Bunge zilionyesha kuwa hadi asubuhi ya siku ya pili ni watu sita tu waliokuwa wamefanikiwa kujiandikisha, katika nchi nzima.

Ilikuwaje? Ujenzi ulikuwa chini ya kituo kimoja cha wizara ya afya kinachosimamia programu za bima za serikali, kikiwa na msururu wa wakandarasi, kila mmoja na kipande chake. Ofisa mkuu wa teknolojia wa Ikulu hakuwa msimamizi wa kazi hiyo. Tovuti ilimlazimisha kila mgeni afungue akaunti kabla ya kuziona bei, kwa hiyo hata waliotaka kuchungulia tu walibanana kwenye mlango mmoja. Mkaguzi wa ndani wa wizara hiyo alipochapisha uchambuzi wake mwaka 2016, kasoro aliyoiweka mbele ilikuwa ukosefu wa uongozi ulio wazi: haikujulikana nani hasa anaongoza mradi.

Uokoaji unafundisha zaidi kuliko anguko lenyewe. Oktoba hiyo Ikulu ilimweka Jeffrey Zients kuongoza, na kikosi kidogo cha wahandisi kikaitwa. Walikuta hakuna hata ubao mmoja wa kuonyesha tovuti inaendaje: ukurasa upi unachelewa, kosa lipi linajirudia. Waliowajibika walikuwa wakisubiri kusikia kwenye habari kama tovuti iko hewani. Kazi ya kwanza ikawa kuujenga ubao huo. Mhandisi Mikey Dickerson aliweka kanuni katika chumba cha dharura kwamba anayezungumza ni anayelijua tatizo, bila kujali cheo chake. Kufikia mwanzoni mwa Desemba tovuti ilikuwa inafanya kazi kwa watu wengi, na Agosti 2014 Ikulu ikaunda kitengo cha kudumu cha huduma za kidijitali, na Dickerson ndiye aliyekiongoza.

Kwa hiyo nchi ilikuwa na cheo, ilikuwa na wataalamu, ilikuwa na fedha. Njia ya kumfikisha mtaalamu kwenye mradi kabla haujaharibika ndiyo iliyokosekana. Hiyo njia ndiyo tunayotaka iandikwe kwenye hadidu za rejea.

Akae ofisi gani?

Kwenye ofisi ya rais au ya waziri mkuu, na awe na haki ya kuonana naye moja kwa moja. Akiwekwa chini ya katibu mkuu wa wizara fulani, madokezo yake yatapita mikono minne kabla ya kufika, na kila mkono utalainisha sentensi moja.

Aitwe pia kwenye vikao vya wataalamu vinavyoandaa nyaraka za baraza la mawaziri. Waraka ukishafika mezani kwa mawaziri, mambo mengi yameshaamuliwa.

Ashauri tu, au aweze kusimamisha mradi?

Hapa watu wenye nia njema hutofautiana. Wapo wanaosema mshauri mwenye veto hugeuka kituo kingine cha urasimu, na wana hoja. Lakini mshauri ambaye ushauri wake unaweza kupuuzwa kimyakimya hana tofauti na mgeni rasmi.

Uingereza ilichagua njia tunayoiona bora. Kuanzia 2010, wizara zilizotaka kutumia fedha nyingi kwenye teknolojia zililazimika kupata kwanza idhini ya ofisi ya baraza la mawaziri. Mwaka uliofuata kikaundwa kitengo cha huduma za kidijitali chenye wahandisi na wasanifu wa kuzisoma hoja hizo. Januari 2014 serikali ikaongeza mipaka iliyo wazi: hakuna mkataba wa teknolojia unaozidi pauni milioni 100 bila sababu ya kipekee, na hakuna mkataba unaojiongeza muda wenyewe. Nyuma ya uamuzi huo kulikuwa na kumbukumbu ya mpango wa kitaifa wa mifumo ya hospitali, ulioanza 2002 ukameza mabilioni ya pauni, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja.

Pendekezo letu: mshauri asiwe na veto, lakini mradi unaozidi kiwango fulani usisainiwe bila maoni yake ya maandishi kuwa ndani ya jalada. Waziri akiamua kuendelea kinyume na maoni hayo, aandike sababu na kusaini. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali atazikuta karatasi zote mbili.

Anatafuta nini ndani ya mkataba?

Tuchukue mkataba wa mfumo wa pensheni. Kurasa za mwanzo huwa na maneno mazuri; mambo yenyewe yako kwenye viambatisho. Mshauri anafungua huko na kuuliza. Mkataba ukivunjika, data za wastaafu zinarudi serikalini kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, na nani analipa gharama ya kuzihamisha? Msimbo wa programu ni wa nani? Bunge likibadilisha umri wa kustaafu, je, badiliko hilo la tarakimu moja limo ndani ya bei, au kila badiliko linaagizwa na kulipiwa peke yake? Kifungu hicho kimoja kinaweza kuufanya mfumo ulionunuliwa kwa bei ya chini kuwa ghali kuliko wote walioshindana kwenye zabuni.

Kisha anatazama ratiba ya malipo. Kama mkandarasi analipwa kwa kuwasilisha ripoti, atawasilisha ripoti. Mshauri anataka malipo yafungwe kwenye vitu vinavyoonekana vikifanya kazi: mstaafu halisi ameingia, ameona salio lake, amelipwa. Anauliza kuhusu jaribio la mzigo: ni watu wangapi kwa wakati mmoja, jaribio linafanywa lini, na likishindikana siku ya uzinduzi inasogezwa au haisogezwi? Anauliza nani atapigiwa simu mfumo ukizimika usiku wa kuamkia siku ya malipo. Ukiona jibu ni jina la kampuni bila jina la mtu, hapo pana kazi ya kufanya.

Maswali haya hayahitaji kipaji cha pekee. Yanahitaji mtu ambaye amewahi kuendesha mfumo mkubwa, na ambaye hapati chochote mkataba ukisainiwa.

Lazima ajue kuandika programu?

Awe amejenga au kuendesha mifumo inayotumiwa na watu wengi. Si lazima awe bado anaandika programu kila siku. Stashahada na shahada zisaidie kupanga orodha, zisiwe ndizo zinazoamua.

Atoke sekta binafsi au ndani ya serikali?

Popote, mradi taratibu za uteuzi ziwe safi na zionekane kuwa safi. New Zealand ilijifunza hili kwa uchungu mwaka 2018. Serikali ilitangaza nafasi ya ofisa mkuu wa teknolojia. Ikabainika kwamba waziri aliyehusika alikutana na mtu aliyeitaka nafasi hiyo bila mkutano kuwekwa kwenye ratiba rasmi. Waziri akatolewa kwenye baraza la mawaziri Agosti, na Septemba akajiuzulu uwaziri. Mteule, ambaye alikuwa ameshapewa nafasi, akalipwa fidia kwa kuvunjiwa mkataba, na nafasi yenyewe ikafutwa kabla haijakaliwa. Hakuna aliyekuwa ameiba. Mkutano mmoja nje ya kumbukumbu ulitosha kuizika ofisi nzima.

Kwa hiyo nafasi itangazwe, jopo la usaili lijulikane, na kila mawasiliano na waombaji yaandikwe. Anayetoka kwenye kampuni inayoiuzia serikali mifumo aachane na hisa zake kabla ya kuapa, na asiguse jalada lolote la kampuni hiyo kwa kipindi kitakachotajwa kwenye sheria. Akiondoka, kuwe na muda ambao hawezi kuajiriwa na kampuni alizozitolea maoni. Wapo watakaosema masharti haya yatawafukuza walio bora. Yatawafukuza baadhi, kweli, na tunaikubali hasara hiyo.

Nafasi ianzishwe kwa sheria, au barua ya uteuzi inatosha?

Barua inatosha kuanza. Ili ofisi idumu, sheria inahitajika.

Sputnik, satelaiti ya kwanza ya Umoja wa Kisovieti, iliporushwa tarehe 4 Oktoba 1957, Rais Dwight Eisenhower alichukua karibu mwezi mmoja tu kumtangaza James Killian, rais wa chuo cha MIT, kuwa msaidizi wake maalumu wa sayansi na teknolojia. Hali iliyobana ilifanya mambo yaende haraka. Miaka ilipita, marais wakabadilika, na baadhi ya wataalamu wa kamati ya ushauri wakapinga hadharani mradi wa ndege ya abiria yenye kasi kuliko sauti ambao Rais Richard Nixon aliutaka. Mwaka 1973 Nixon akaivunja ofisi ya ushauri pamoja na kamati yake. Bunge la Marekani ndilo lililoirudisha kwa sheria mwaka 1976, na Ofisi ya Sera ya Sayansi na Teknolojia iliyoundwa wakati huo ipo hadi leo. Kilichoundwa kwa kalamu ya rais mmoja hufutwa kwa kalamu ya mwingine.

Sheria itaje mambo machache: muda wa utumishi (tunapendekeza usilingane sawasawa na mzunguko wa uchaguzi), sababu za kumwondoa, fungu lake la bajeti, na haki yake ya kuona nyaraka. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kitakachopigwa vita zaidi bungeni.

Anaweza kusema hadharani anapopingana na bosi wake?

Kwa kawaida hapana, na ni sawa. Kiongozi anayehofia kunukuliwa huacha kuuliza. Lakini kuna jambo moja ambalo halipaswi kufichwa: hatari inayomgusa mwananchi moja kwa moja.

Mwishoni mwa Agosti 2017, watafiti waliijulisha Estonia kwamba chipu iliyokuwa ndani ya vitambulisho vyake takriban 750,000 ilikuwa na kasoro ya usalama. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mwezi Oktoba, na kura za mtandaoni zinapigwa kwa vitambulisho hivyohivyo. Serikali ingeweza kunyamaza. Tarehe 5 Septemba ilitangaza tatizo, ikaandaa njia ya kuvirekebisha vitambulisho kwa mbali, na Novemba ikasitisha vyeti vya kidijitali vya ambao walikuwa bado hawajarekebisha. Kiongozi hufanya uamuzi kama huo akiwa na mtu karibu anayeweza kumweleza, siku hiyohiyo, ukubwa halisi wa tatizo.

Anahusika vipi na faragha ya wananchi?

Ofisi ya kulinda data ibaki huru, na mshauri asiwe bosi wake. Kazi ya mshauri ni kuhakikisha mradi haufiki mahakamani kwa jambo lililokuwa linajulikana. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba usambazaji wa kadi za Huduma, vitambulisho vipya vya kidijitali, haukuwa halali kwa sababu tathmini ya athari kwa ulinzi wa data, inayotakiwa na sheria ya mwaka 2019, haikufanywa kwanza. Tathmini hiyo ni hati ambayo mtu yeyote mwenye orodha ya ukaguzi mkononi angeiulizia siku ya kwanza.

Na akili mnemba je? Si kazi ya kamati nyingine?

Kamati ziwepo, lakini tunaomba watu wasitishwe na upya wa neno. Maafa makubwa ya maamuzi ya kompyuta serikalini yametokana na mambo ya kawaida kabisa.

Australia, kuanzia 2015, ilitumia mfumo wa kudai madeni kwa watu waliopokea misaada ya serikali. Mfumo ulichukua kipato cha mwaka kutoka mamlaka ya kodi, ukakigawa sawa kwa vipindi vya wiki mbilimbili, kisha ukamwambia mtu kwamba katika wiki fulani alipata fedha ambazo hakuzitangaza. Fikiria mtu aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita. Kwa hesabu ile alionekana mwaka mzima yuko kazini, na msaada aliopokea alipokuwa hana kazi ukageuka deni. Mamia ya maelfu ya watu waliandikiwa barua. Mawakili wa serikali walikuwa wameshaonya mwaka 2014 kwamba mpango huo unahitaji sheria mpya. Tume ya Kifalme, yaani tume huru ya uchunguzi, ilitoa ripoti yake Julai 2023 na kuuita mpango huo katili na usio halali.

Huko hakukuwa na akili mnemba. Kulikuwa na kugawanya, na barua zilizotumwa bila mtumishi kuangalia jalada la mtu. Mshauri anayefaa ni yule anayeomba kuonyeshwa barua moja, ya mtu mmoja, na hesabu yake hatua kwa hatua, kabla mfumo haujawashwa kwa wote.

Ofisi iwe na watu wangapi?

Wachache. Watu kati ya 8 na 15, wakiwemo mhandisi wa mifumo, mtaalamu wa usalama wa mtandao, mwanasheria wa mikataba na mtu anayejua ununuzi wa umma. Wengine waazimwe kutoka taasisi nyingine kwa mwaka mmoja au miwili kisha warudi, wakiwa na ujuzi mpya. Serikali yenye fedha kidogo inaweza kuanza na mshauri na wasaidizi watatu. Gharama hiyo ni ndogo ukiilinganisha na mkataba mmoja mbaya.

Tutajuaje kama anafanya kazi yake?

Si kwa idadi ya makongamano aliyohutubia. Bunge lidai ripoti ya kila mwaka yenye miradi aliyoisoma, maoni aliyoyatoa, yaliyofuatwa na yaliyokataliwa. Kilicho cha usalama wa taifa kiwekwe kwenye kiambatisho cha siri. Miradi iliyopunguzwa au kugawanywa vipande itajwe kwa majina. Ile iliyosimamishwa ihesabiwe kama mafanikio, ingawa haitazinduliwa kwa utepe.

Siku 100 za kwanza aanze na nini?

Orodha. Mifumo yote ya serikali, nani anaimiliki, mkataba wake unaisha lini, na nani ndani ya serikali anaweza kuiwasha upya bila kumpigia mkandarasi simu. Mshauri mpya atashangaa ni safu ngapi zitabaki wazi. Mifumo ambayo mikataba yake inaisha ndani ya miezi 18 iwekwe juu, kwa sababu huko ndiko bado kuna nafasi ya kujadiliana. Ikibaki miezi mitatu, serikali itaongeza muda kwa bei yoyote itakayotajwa.

Wiki hizohizo akaketi kwenye kaunta ambako wananchi wanahudumiwa, nyuma ya mtumishi anayeutumia mfumo, na kuangalia skrini. Ataona daftari la karatasi pembeni ya kibodi, lenye majina na namba zilizoandikwa kwa mkono kwa ajili ya saa ambazo mfumo haupatikani. Aombe kulisoma.